Uzito Uliotoka Tanurini

Meneja mpya alipomwita Fundi mwizi, alimwita mbele ya watu. Hilo ndilo lililomwasha binti wa Fundi. Angemwita pembeni, mlango umefungwa, pengine mambo yangezungumzika. Lakini alisimama katikati ya uwanja wa chokaa, karatasi mkononi, wapakiaji wanane wakimsikiliza, akapaza sauti kama mtu anayetangaza mshindi wa uchaguzi.

"Mawe kilo elfu moja yanaingia tanurini. Chokaa kilo mia tano na sitini inatoka. Kilo mia nne na arobaini zinakwenda wapi, mzee? Zimeota miguu?"

Fundi alikuwa amechoma chokaa kwa miaka ishirini na sita. Akatoa jibu pekee alilokuwa nalo.

"Moto umezila."

"Moto unakula kuni," meneja akasema. "Sijawahi kusikia moto unaokula mawe. Mwenye mkono mrefu ni mtu."

Wapakiaji wakacheka. Si wote, ila waliocheka walitosha. Fundi akapewa mpaka Alhamisi awe ameeleza, la sivyo angemwaga unga, na kesi ingekwenda polisi.

Ukweli ni kwamba tanuri lile halikuwahi kuwa na mizani. Marehemu aliyelijenga alipima kwa debe. Debe la mawe likiingia, debe la chokaa linatoka, kasoro kidogo, kwa sababu jiwe likiungua halisinyai. Linatoka na umbo lilelile lililoingia nalo, lina kona zake na nyufa zake. Ni mkono tu unaokwambia limekuwa jepesi. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza wepesi huo umetoka wapi, maana debe lilikuwa debe. Marehemu alipofariki, tanuri likabaki kwa mjane wake, mama ambaye kila mtu alimwita Bimkubwa. Yeye akamleta mpwa wake awe meneja. Kitu cha kwanza mpwa alichonunua ni mizani kubwa ya kupimia magunia, na kitu cha kwanza alichokipata kwa mizani ile kilikuwa mwizi.

Jioni hiyo Fundi alikaa kwenye benchi la nyumbani kwake, akivua buti polepole kama zimemganda miguuni. Binti yake akamletea maji ya kunawa. Alikuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari, mtu wa kuosha chupa na kufuta ubao, na wanafunzi walimwita Dada Chupa. Yeye mwenyewe hakufika mbali na shule. Lakini alikuwa na tabia moja aliyoianza mwaka wa kwanza wa kazi: mwalimu wa kemia akishatoka, hafuti ubao mpaka aelewe kilichoandikwa. Siku nyingine alielewa kwa dakika tano. Siku nyingine alikaa pale kwenye meza ya mbele, dasta mkononi, mpaka mlinzi anakuja kugonga dirisha. Tabia hiyo sasa ilikuwa na umri wa miaka tisa.

Fundi akamsimulia yote, hakuficha hata kile kicheko.

"Ngoja, baba. Ni mia tano na sitini kila mara?"

"Mara mia tano sitini na tano, mara mia tano hamsini na nane. Hapohapo, haiendi mbali."

Binti akacheka.

"Unacheka? Baba yako anaitwa mwizi mbele ya Mrefu na wapakiaji wenzake, wewe unacheka?"

"Nisamehe, baba. Namba hiyo naijua! Nimeifuta kwa mkono wangu huu sijui mara ngapi."

Akachukua kipande cha mkaa, akaandika sakafuni. Jiwe la chokaa, alisema, ukiligawa mpaka lisigawanyike tena kwa njia ya kawaida, unakuta chembe za aina tatu. Zinaitwa atomi. Kalsiamu moja, kaboni moja, oksijeni tatu, zimeshikana. Kalsiamu ina uzito wa arobaini. Kaboni kumi na mbili. Oksijeni tatu, kila moja kumi na sita, jumla arobaini na nane. Zote pamoja mia moja.

"Moto ukipanda vya kutosha, familia inagawanyika. Kalsiamu inabaki na oksijeni moja. Arobaini na kumi na sita?"

"Hamsini na sita," Fundi akasema, kisha akaitazama sakafu.

"Na kaboni inaondoka na oksijeni mbili. Hiyo ni arobaini na nne. Inakuwa hewa, baba. Ileile inayotoa povu kwenye soda. Hesabu atomi za upande huu, hesabu za upande ule. Hakuna iliyoliwa, hakuna iliyoongezeka. Zimehama tu."

"Miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya mlango wa tanuri. Sijaona kitu kinatoka zaidi ya moshi."

"Haionekani. Haina rangi wala harufu."

Fundi akajifuta uso kwa kitambaa. "Basi nenda kamwambie meneja kwamba mwizi yupo, ila haonekani. Uone atakavyokupokea."

Hapo binti akaona baba amesema kweli. Ubao peke yake hautoshi. Akajifunga kibwebwe.

Siku ya pili, Jumanne, akamwomba mwalimu wa kemia mizani ndogo ya maabara, ile inayopima mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Mwalimu akamtazama juu ya miwani.

"Ya nini?"

"Ya kumtoa mtu kwenye wizi."

"Sitaki kujua zaidi. Saini hapa. Ikivunjika, na wewe umevunjika."

Jumatano asubuhi akaingia ofisini kwa Bimkubwa na mizani ndani ya boksi, chupa ya soda tupu yenye kizibo cha kukaza, siki, na kipande cha jiwe alichookota kwenye lundo la tanuri. Fundi alisimama mlangoni kwa sababu ya vumbi lake. Mrefu, kiongozi wa wapakiaji, alijipenyeza na kusimama nyuma yake, akidai ametumwa kuleta funguo, ingawa hakuna aliyeagiza funguo. Meneja alikuwa dirishani.

"Shikamoo, Bimkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Fanya haraka, kichwa kinaniuma."

Binti akamimina siki ndani ya chupa, akaiweka juu ya mizani pamoja na jiwe na kizibo. Akamwomba meneja asome namba mwenyewe, kwa sauti. Kisha akatia jiwe ndani na kukaza kizibo upesi. Siki ikachemka mapovu, jiwe likacheza chini kama limewekwa juu ya kikaango.

"Soma tena."

"Ileile," meneja akasema.

Wakangoja mpaka mapovu yakapungua. Ileile. Kisha binti akalegeza kizibo. Chupa ikatoa pumzi, *psss*, ndefu, mpaka Mrefu akarudi hatua moja nyuma. Akaitikisa, ikapumua tena. Akairudisha juu ya mizani na kizibo chake.

Meneja akasoma, akasogeza uso, akasoma tena. "Imepungua gramu moja na kitu."

"Umeona mtu akichota?"

Bimkubwa akasahau kichwa chake. "Kwa hiyo jiwe lina hewa ndani?"

"Lina vitu vya kutengeneza hewa, Bimkubwa, vimefungwa humo. Siki inavifungua kidogokidogo, moto unavifungua vyote. Chupa ikiwa imefungwa, uzito uko palepale. Ukifungua, kilichotoka kimetoka na uzito wake. Na tanuri lako halina kizibo." Akageukia daftari la meneja. "Halafu angalia mwenyewe hesabu zako. Mia tano sitini na tano, mia tano hamsini na nane, mia tano na sitini. Mwizi gani huyo anaiba kwa kipimo kimoja miezi mitatu, hazidishi wala hapunguzi? Mwizi wa namna hiyo mpe kazi benki!"

Mrefu akaangua kicheko. Bimkubwa akamkazia macho, naye akakimeza.

Lakini meneja hakuwa mtu wa kukubali kushindwa kirahisi. Akafunua daftari ukurasa wa nyuma, akauweka mezani kama mchezaji wa karata aliyebakiza moja.

"Vizuri sana. Sasa nieleze na hii. Uchomaji wa wiki mbili zilizopita. Nilisimama mimi mwenyewe mbele ya tanuri, kuanzia kuni ya kwanza mpaka gunia la mwisho, sikubanduka. Mawe kilo elfu moja. Unajua zilitoka kilo ngapi?" Akagonga karatasi kwa kidole. "Mia saba na kumi. Nikiwapo, mia saba na kumi. Nisipokuwapo, mia tano na sitini. Hewa yako inaniogopa mimi?"

Binti akaivuta karatasi. Akatafuta kosa kwenye karatasi ile, hakuliona. Akamtazama baba yake, na baba yake akatazama chini. Kule kutazama chini kulimuuma kuliko namba.

"Nipe dakika kumi," akasema.

"Chukua hata ishirini," meneja akajibu.

Akamvuta baba yake nje, nyuma ya lundo la kuni.

"Baba, sina muda wa kuzunguka. Umewahi kuchukua?"

"Hata kijiko."

"Basi kwa nini umeinamisha kichwa?"

Fundi akakaa juu ya gogo.

"Kwa aibu. Ile haikuwa chokaa. Tanuri hili linataka siku tatu, moto haulali. Siku ya pili jioni meneja akaniambia nifungue, kuni zinaisha bure, mawe yameshakuwa meupe. Nikamwambia bado, weupe ni wa juu. Akasema nani meneja hapa. Nikafungua. Nilipoyashika mawe nikajua, mazito, mabichi ndani. Mimi, kwa mkono wangu, nimetoa chokaa mbichi! Ingefika kwenye ukuta wa mtu isingeshika. Nikayaweka yale magunia nyuma ya ghala, nikawaambia wapakiaji wasiyaguse. Sikutaka mtu ajue yametoka kwangu."

"Yapo mpaka leo?"

"Yapo. Yana nailoni ndani, hayajapata unyevu."

Binti akambusu baba yake kwenye paji la uso lililojaa vumbi, akaokota mkaa, akaandika kwenye ukuta wa ghala. Zilitakiwa zitoke kilo mia nne na arobaini za hewa. Zimetoka mia mbili na tisini tu. Kwa hiyo kilo mia moja na hamsini za hewa bado zimo ndani ya magunia yale, zimefungwa kwenye mawe ambayo hayajaiva. Na kila kilo mia za mawe mabichi zinashika kilo arobaini na nne za hewa. Akagawanya: kilo mia tatu arobaini na moja za mawe mabichi kati ya mia saba na kumi, karibu nusu ya kila gunia. Akarudia kugawanya, kwa sababu alijua kuwa akikosea hapa hakuna wa kumrudishia baba yake jina.

Akarudi ofisini amekaza mwendo.

"Bimkubwa, siku ile meneja alifungua tanuri siku ya pili badala ya ya tatu. Mwulize kama nasema uongo."

Meneja akasita. "Mawe yalikuwa meupe."

"Weupe wa ngozi. Ndani mabichi. Uzito uliouona ukazidi haukuokolewa na macho yako, ni hewa ambayo hukuipa nafasi ya kutoka. Magunia yako yapo nyuma ya ghala. Chagua lolote, wewe mwenyewe. Gunia la kilo hamsini. Tutalizima kwa maji mbele ya kila mtu. Chokaa iliyoiva itapasuka na kuwa unga, jiwe bichi halitasikia maji. Yatakayobaki tutayapima." Akavuta pumzi. "Yatakuwa kilo ishirini na nne."

"Ishirini na nne," meneja akarudia. "Si kama ishirini na tano, au ishirini?"

"Atomi hazisemi *kama*. Ishirini na nne, pungufu au zaidi kidogo kwa sababu ya mchanga na vumbi. Ikiwa kumi, au ikiwa arobaini, mpeleke baba yangu polisi na mimi nitamsindikiza."

Mlangoni Fundi akafumba macho. "Mwanangu, umenifunga kamba shingoni," akanong'ona.

"Niamini, baba."

Meneja akachagua gunia la katikati, chini kabisa, ili asionekane kapangiwa. Wakalipima: hamsini kamili. Wapakiaji wote wanane wakaacha kazi, wakazunguka birika la zege la kuzimia chokaa. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, Fundi akawa fundi. Akawarudisha watu nyuma kwa mkono mmoja, akafunga kitambaa puani, akashika koleo lake la mpini mrefu. Maji yalipogusa mawe, kwa kitambo hakikutokea kitu. Kisha birika likaguna. Mvuke ukapanda, mawe yakaanza kupasuka tak, tak, maji yakachemka bila moto wowote chini yake. Fundi akageuza, akaongeza maji, akageuza, akijua wapi pa kumwagia na wapi pa kuacha, jasho likimchimbia mifereji kwenye vumbi la uso. Hakuna aliyecheka.

Uji mweupe ulipotulia wakaupitisha kwenye wavu. Juu ya wavu yakabaki mawe. Si machache. Mengine makubwa kama ngumi, mengine kama mayai, ganda lao jeupe limemomonyoka, kiini cha kijivu kimebaki kigumu vilevile kilivyotoka mlimani. Mrefu akaligonga moja kwa nyundo, nyundo ikadunda.

"Hili ndilo ulilokuwa unalilinda, meneja?" akauliza kwa upole wa uongo.

Wakayasuuza na kuyaweka juu ya mizani kubwa. Meneja akasoma kwanza, na uso wake ukang'aa.

"Ishirini na sita na nusu! Ulisema ishirini na nne."

Mnong'ono ukapita kati ya wapakiaji. Binti akasogea mpaka kwenye mizani. Akaweka kiganja chake juu ya jiwe, akamwonyesha meneja. Kiganja kililowa.

"Na maji nayo umeyanunua pamoja na mawe? Maji yana atomi zake na uzito wake. Yaanike."

"Tutakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka yakauke," akasema Bimkubwa, ambaye alikuwa amejiletea kiti chake mwenyewe na kukiweka kivulini. "Mimi sina haraka tena."

Yakaanikwa juu ya bati. Jua lilikuwa kali, bati likawa kikaango. Saa nne nzima binti alikaa mbele ya bati lile, hakula, hakunywa, akiyageuza mawe moja moja. Mara mbili meneja akataka kuyapima, mara mbili akamwambia bado. Fundi akaja kuchuchumaa karibu naye.

"Kama haitakuwa ishirini na nne?"

"Itakuwa."

"Lakini kama haitakuwa?"

"Baba, wewe ulijua ni mabichi kwa kuyashika tu. Mimi nimejua kwa kugawanya. Haiwezekani wote wawili tumekosea."

Jua lilipoanza kulala upande, akayapangusa kwa brashi kavu, akayabeba mwenyewe mpaka kwenye mizani. Akarudi nyuma hatua tatu, mikono mgongoni, kila mtu aione.

Meneja akainama. Akakaa vile ameinama muda mrefu mpaka Bimkubwa akapoteza subira.

"Soma, mwanangu, au umesahau kusoma?"

"Ishirini na nne," meneja akasema. "Na robo."

Mrefu alipiga kofi moja kubwa, wengine wakadakia. Binti hakupiga kofi. Machozi yalimjia, akayazuia, kwani kazi haikuwa imekwisha.

Meneja akamsogelea, sauti chini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeamini mizani kabla ya kuielewa. "Dada, hiyo hesabu, utaniandikia? Nahitaji kuijua. Ikitoka zaidi ya mia tano na sitini nijue haijaiva."

"Nitakuandikia. Nitakufundisha mpaka uifanye usingizini. Lakini kwanza useme."

"Niseme nini? Kila mtu ameona. Nilikosea hesabu."

"Hukukosea hesabu. Namba zako zote zilikuwa sawa, kilo kwa kilo. Ulimwita baba yangu mwizi, na ulimwita kwa sauti. Sauti ile ninaitaka irudi, na irudi nzima, hapa, kwa watu hawahawa."

Meneja akamtazama shangazi yake. Bimkubwa alikuwa akikunja kitenge chake magotini, wala hakuinua uso. "Mimi nilikuwapo siku ile dirishani," akasema. "Nilisikia vizuri sana. Nisingependa leo nisisikie."

Basi meneja akageukia wapakiaji. Alianza kwa sauti ndogo, akaanza upya, na safari hii alipaza.

"Nilisema Fundi ameiba. Hakuiba. Kilo zile zilikwenda hewani, na zilikuwa zinakwenda hivyo tangu kabla sijazaliwa. Chokaa mbaya ya wiki mbili zilizopita nimeiharibu mimi, si yeye. Mzee, nisamehe."

Wote wakamgeukia Fundi. Alikuwa amesimama kando ya birika, koleo begani, chokaa imemkaukia mpaka kwenye nyusi. Akalitua koleo.

"Nimekusikia," akasema. "Kesho tunapakia mawe. Moto utakaa siku tatu, na mlango nitaufungua mimi."

"Siku tatu," meneja akaitika.

"Haya. Wewe utaleta kuni."